Mgonjwa wa Kitanda cha Arobaini na Moja

Uongozi wa hospitali kuu unapenda kuwakumbusha wananchi wote kwamba kisukari hakiponi bali hutawaliwa. Kwamba dawa ya kwanza ya kisukari si kidonge wala sindano bali ni sahani. Na kwamba sahani hiyo imo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe, ambaye akila kidogo kidogo, kwa saa maalumu na kwa kuchagua, ataishi maisha marefu yenye afya na furaha. Maneno hayo yamechapwa kwa herufi za kijani, yakatiwa ndani ya fremu yenye kioo, na kutundikwa kwenye ukuta wa lango la wafanyakazi, juu kidogo ya meza ambayo askari wa zamu huitumia kuwanyang'anya wafanyakazi vyakula vyao.

Meza hiyo ina historia. Miaka kadhaa nyuma iligundulika kwamba nyama ya wagonjwa ilikuwa ikitoka jikoni ikiwa nyama na kufika wodini ikiwa mchuzi. Uchunguzi ukafanyika, na ikabainika kwamba nyama ilikuwa inasafiri ndani ya vyombo vyenye mifuniko. Hapo palikuwa na njia mbili: kuwakamata watu wanne ambao kila mtu aliwajua, au kuvipiga marufuku vyombo. Wale wanne walikuwa na ndugu ofisini. Vyombo havikuwa na ndugu. Ukatoka waraka kwamba mfanyakazi haruhusiwi kuingia wala kutoka hospitalini na chombo chenye mfuniko, na watu wanne wakaanza kutumia mifuko ya plastiki.

Waraka haukuwagusa madaktari, kwani wao huingia na magari kwa lango jingine, na haijapata kutokea askari akaomba kufungua buti la daktari. Ulimgusa mwanamke mmoja wa chumba cha kufulia aliyekuwa akiitwa Bi Shuka.

Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu alikuwa na uwezo wa kukunja shuka la hospitali peke yake. Kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, wakikutana katikati kama wacheza ngoma. Yeye alibana upindo mmoja kwa kidevu, akanyoosha mikono, akapiga shuka hewani mara moja, na likashuka likiwa limeshakubali. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na ishirini na sita kati ya hiyo aliitumia ndani ya jengo lile lenye mvuke, mashine tatu kubwa ambazo mbili zilikuwa hai, sabuni inayokula kucha, na viatu vya mpira vilivyonunuliwa kwa saizi moja ili kusiwe na upendeleo.

Kisukari alikuwa nacho mwaka wa kumi na nne. Alikaa nacho kama mtu anayefuga mbwa mkali: hakumpenda, hakumwogopa, ila alizijua saa zake za kula. Saa kumi na mbili asubuhi kidonge, yai, na kipande cha mkate mweusi. Saa nne kikombe cha maharage au ukufi wa karanga, na tango. Saa saba nusu sahani ya mboga, robo ya wali na robo ya samaki, na robo yenyewe aliikata kwa upande wa kijiko kama anayegawa urithi. Saa kumi tunda, lenye nyama yake, si maji yake. Jioni akala kama alivyokula mchana, kwa uchache zaidi, kisha akatembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi.

Katika saa hizo zote, iliyokuwa na maana kubwa kuliko zote ni saa nne. Asiyekuwa na ugonjwa huu hudhani kula saa nne ni deko. Lakini kile kidonge cha asubuhi hushusha sukari bila kuuliza kama mtu amekula. Akikosa saa nne, saa tano mikono inaanza kutetemeka, jasho baridi linamtoka, na shuka moja analiona mawili. Hapo hana tena hiari. Atakunywa chochote chenye sukari kilicho karibu ili asianguke, na sukari itapanda hadi darini. Kesho yake hivyo hivyo. Kinachomharibu mtu wa namna hiyo ni huko kupanda na kushuka, na huanzia miguuni.

Habari za miguu hakuambiwa na daktari. Mama yake mzazi alikatwa kidole, halafu mguu chini ya goti, halafu juu ya goti, halafu akazikwa. Bandu bandu, gogo likaisha. Bi Shuka ndiye aliyekuwa akimwogesha, na alijua mwili wa mtu unavyopungua. Alichokitaka duniani hakikuwa kikubwa: azikwe akiwa mzima kamili, na isiwe karibuni.

Basi siku waraka ulipoanza kazi, kikopo chake cha maharage kilibaki mezani kwa askari. Kesho yake alikuja na bakuli lisilo na mfuniko, akalifunika kwa kitambaa. Askari akasema kitambaa kinafanya kazi ya mfuniko. Siku ya tatu alikuja na yai la kuchemsha mfukoni. Askari, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda kuelewa anachokisimamia, alilitazama yai lile kwa muda, akampigia simu mkuu wake kumuuliza kama ganda la yai ni mfuniko au si mfuniko. Mkuu wake akafikiri. Jibu likaja kwamba ndani hakuonekani, kwa hiyo ni mfuniko.

"Mama, unisamehe," askari alisema akiliweka yai mezani. "Lingekuwa limemenywa ningekuachia."

Alilimenya palepale. Askari akasema sasa limekuwa chakula kilichofunguliwa, na chakula kilichofunguliwa kinakatazwa na idara ya usafi.

Kutoka nje kabla ya saa tisa kulihesabiwa utoro. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye waliishi naye nyumba moja na ambaye Mungu alimnyima kila kitu isipokuwa ulimi, alijitolea kumletea chakula kama mgeni. Akaambiwa wageni huja kuona wagonjwa, na chumba cha kufulia si wodi. Kulikuwa na kantini ya wafanyakazi, ndiyo. Saa nne ilitoa chai na andazi. Chai ilitoka kwenye tangi ikiwa imeshatiwa sukari, kwa sababu sukari ilipokuwa inawekwa mezani ilikuwa ikiondoka na wenyewe. Bi Shuka alimwomba mpishi amtengee kikombe kimoja kabla hajamimina sukari na, kama hapana ubaya, vijiko viwili vya maharage ya mchana. Mpishi akamjibu kwamba akimtengea yeye, kesho atakuja mwenye presha, keshokutwa asiyependa kitunguu, na mwisho wake kantini itakuwa hoteli.

Ndipo alipokwenda jiko kuu. Huko kulikuwa na sahani za kijani, zilizopikwa kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari waliolazwa, mara tano kwa siku, kwa saa zake, na kwa kipimo ambacho hata yeye hakukipata nyumbani. Kila asubuhi alizipita kwenye toroli akiwa na toroli lake la mashuka, na harufu ya maharage ikamsalimu kama jirani. Karani wa jiko alikuwa mtu wa miwani na kalamu tatu. Alifungua daftari, akamuuliza kitanda namba ngapi. Bi Shuka akasema yeye ni mfanyakazi, ana kisukari, na kadi yake ya kliniki hii hapa, ya hospitali hii hii, ina mihuri ya miaka mingi.

"Sahani inatoka kwa kitanda," karani alisema.

"Na mfanyakazi mgonjwa je?"

"Wafanyakazi hawaugui kwenye fomu hii."

Hakusema kwa kejeli. Alimgeuzia fomu aone mwenyewe. Kweli, hapakuwa na mstari wao. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini hawakusema kwamba atajiwekea na askari mlangoni.

Aliyemaliza tatizo hilo ni muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake, aliyejulikana kwa wote kama Sista, mwanamke mfupi mwenye saa kubwa ya mkononi. Sista alimkuta Bi Shuka siku moja saa tano asubuhi ameketi chini kwenye korido ya wodi, mgongo ukutani, mashuka safi yamemwagika mapajani, uso umelowa. Alimpima kidole. Sukari ilikuwa imeshuka hadi mahali ambapo watu huanza kuongea na waliokufa. Akamnywesha maji ya sukari, akangoja arudi, akamuuliza, akaelezwa yote hadi habari ya yai. Alikwenda mezani kwake, akachukua fomu ya jiko, na chini ya kitanda cha arobaini akaandika: arobaini na moja.

Wodi ya wanawake ina vitanda arobaini.

Tangu siku hiyo, kila siku ya kazi saa nne kamili na saa saba kamili, sahani ya kijani ya kitanda cha arobaini na moja ilifika kwenye chumba kidogo cha wauguzi, na Bi Shuka, akiwa ameleta mashuka, aliila akiwa amekaa kwenye stuli kama binadamu. Ikumbukwe pia kwamba Sista hakuwa mtu wa kuandika uongo. Kila asubuhi alimpima sukari na kuandika tarakimu kwenye chati ya kitanda cha arobaini na moja, tarehe na sahihi. Kila kilichokuwa kwenye chati ile kilikuwa kweli, isipokuwa kitanda.

Nyumbani, wifi alipoelezwa aliweka kisu cha kumenyea viazi chini.

"Kumbe umelazwa, wifi, na mimi hata chungwa sijakuletea," alisema. "Watu watanisema."

"Sema polepole, majirani watasikia."

"Wasikie. Nina mgonjwa anayerudi nyumbani kila jioni kunisumbua."

Mambo yakaenda hivyo miaka mitatu, na sukari ikasoma vizuri. Sita. Sita na nusu. Saba, siku ya harusi ya jirani. Sita tena. Mbwa alilala. Vidole vya miguu, ambavyo Bi Shuka alikuwa akivikagua kila jioni kwa kioo cha mkono, kimoja kimoja, kama mwalimu anayeita majina, vilikuwa kumi na vyote vilijibu.

Kilichomponza ni kufanikiwa. Mwaka wa nne hospitali iliamua kutoa taarifa ya mafanikio ya mpango wake wa lishe, na ofisi ya takwimu ikatumwa kumtafuta mgonjwa wa kisukari mwenye matokeo mazuri kuliko wote kwa muda mrefu kuliko wote. Haikuchukua hata siku nzima. Alikuwa wodi ya wanawake, kitanda cha arobaini na moja, mwenye vipimo vya miaka mitatu vilivyonyooka kama vimepigwa rula. Taarifa ilipita kwa watu sita, wote wasomi, kila mmoja akaweka sahihi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza imekuwaje mtu mwenye sukari nzuri kiasi kile awe amelazwa miaka mitatu bila Jumamosi wala Jumapili kuonekana kwenye chati.

Mganga mkuu alifurahi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na maneno ya kwenye fremu pale langoni yalikuwa ya kwake mwenyewe. Akaalika wageni wa wizara na mpiga picha, na siku ya Jumatano saa tatu na nusu akawaongoza wodini kumwona mgonjwa aliyeishika sahani yake mikononi. Walipita kitanda baada ya kitanda. Walipofika cha arobaini palikuwa na ukuta, na juu ya ukuta dirisha.

"Sista," mganga mkuu akauliza, "cha arobaini na moja kiko wapi?"

"Hakipo, daktari."

"Na mgonjwa?"

"Mgonjwa yupo. Yuko kwenye mashine."

Wageni wakasogea kwa heshima, wakidhani ni mashine ya kumsaidia kupumua. Mganga mkuu akauliza mashine gani.

"Ya kufulia," Sista akasema, akatazama saa yake. "Atakuja saa nne, ana mashuka yenu."

Mpiga picha akafunga kamera yake.

Haki ilitendeka upesi. Sista alihamishiwa ghala la mafaili ya zamani, chini, karibu na jenereta, ambako hakuna mgonjwa wa kuandikia kitanda. Bi Shuka alipewa barua ya onyo kwa kosa la kula chakula cha mgonjwa. Barua ilikuwa na aya nne na mihuri miwili, na hakuna mahali ilipogusia kwamba aliyekula alikuwa mgonjwa. Taarifa ya mafanikio nayo ilichapishwa kama ilivyopangwa, kwani takwimu zilikuwa sahihi. Kilichoondolewa ni namba ya kitanda tu. Ukurasa wa kumi na mbili bado unasomeka kwamba mgonjwa mmoja, kwa nidhamu yake na kwa msaada wa hospitali, aliitawala sukari yake kwa miaka mitatu mfululizo. Wifi aliukata ukurasa huo na kuubandika jikoni. Alisema katika ukoo wao hakuna mwingine aliyewahi kuandikwa.

Mambo ya baadaye yalikwenda kama ambavyo kila mtu angeweza kutabiri, isipokuwa wale ambao kazi yao ilikuwa kutabiri. Wiki ya kwanza mikono ilimtetemeka mara mbili mbele ya mashine ya kunyoosha, ambayo ina silinda ya moto inayovuta shuka na haijali kama nyuma ya shuka kuna kidole. Wenzake wakamkimbilia na kikombe cha chai ya kantini. Hakukuwa na kingine. Ikawa ndiyo desturi: saa tano anashuka, saa tano na robo anakunywa chai ya tangi, saa saba anakula mlima wa wali na viazi kwa sababu mchuzi umeshamwagwa juu yake na kantini haipunguzi, na jioni anapanda. Mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu hata ugonjwa wake haukuulizwa. Alijaribu kuruka kidonge ili asishuke; akapanda zaidi. Kumi na moja. Kumi na nne. Kumi na sita.

Kliniki ya kisukari iko hatua mia mbili kutoka chumba cha kufulia. Kikivuma kikaushio, madirisha yake hutikisika. Daktari wa pale alikuwa kijana mwenye haraka, mwenye wagonjwa sitini na asubuhi moja. Alitazama tarakimu, akamtazama Bi Shuka, akamuuliza kama anakula kwa saa. Bi Shuka akaanza kueleza habari ya lango. Daktari akamwambia kwa upole kwamba kila mtu ana sababu zake, akaandika kwenye kadi, akaita mwingine.

Alikuja kuisoma kadi koridoni. Iliandikwa: Mgonjwa hafuati masharti ya lishe.

Kuna watu ambao wangesoma na kupita. Bi Shuka aliisoma mara tatu akiwa amesimama katikati ya njia, machela zikimpisha. Kwa miaka kumi na saba hakuonja soda. Kwenye harusi ya mwanawe wa kuzaa aliikata keki, akawalisha watu mia mbili, yeye akanywa maji. Na tena, kila mfanyakazi aliijua kanuni: sentensi ile ikiandikwa mara tatu, kadi hupelekwa kwenye bodi ya afya, na bodi huamua kama mtu anafaa kuendelea na kazi. Aliyeugua kwa bahati mbaya hutafutiwa kazi nyepesi. Aliyeugua kwa kutofuata masharti huambiwa asante.

Mwezi uliofuata ikaandikwa tena.

Ndipo alipokwenda kwa mganga mkuu. Alikaa nje ya mlango tangu saa mbili hadi saa sita, akiwa na sare ya kazi na viatu vya mpira, akiacha alama za maji kwenye zulia la katibu muhtasi. Alipoingia hakukaa. Alisema ombi lake ni moja na ni dogo: sentensi ifutwe.

Mganga mkuu alimkaribisha kiti mara mbili. Alieleza kwa ile sauti yake kwamba kadi ni kumbukumbu ya kitabibu, haifutwi. Kwamba yeye binafsi anauheshimu utumishi wake. Kwamba kisukari, kama anavyojua, ni suala la nidhamu. Akafungua droo, akampa kijikaratasi chenye picha ya sahani iliyogawanywa nusu, robo na robo.

Bi Shuka alikitazama. "Nusu mboga," alisema. "Hii naijua, daktari, niliila miaka mitatu, mkanipa barua ya onyo. Nimeiacha miezi minne, mmeandika sifuati masharti. Sasa nieleze mimi mjinga, yale niliyokuwa nayafuata yalikuwa masharti ya nani?"

"Mama, hospitali haiwezi kumlisha kila mtu."

"Sijaomba kulishwa. Naomba kupita na yai."

Inasemekana mganga mkuu aliguswa kweli. Jioni ile ile aliunda kamati. Kamati ilikutana mara tatu, ikanywa chai isiyo na sukari, kwa kuwa wajumbe wawili walikuwa na kisukari na chai yao ilitoka chupa tofauti, na ikafikia uamuzi wa busara: mfanyakazi mwenye kisukari ataruhusiwa kuingia na chakula chake, pamoja na mfuniko, kwa kibali maalumu. Kibali kitatolewa na daktari wa kliniki, kwa mgonjwa ambaye kadi yake inaonyesha kwamba anafuata masharti ya lishe.

Bi Shuka aliipeleka kadi yake. Karani wa vibali akaisoma, akamrudishia kwa mikono miwili.

Jioni alimweleza wifi. Wifi alisonya tu, msonyo mrefu ulioanzia sebuleni ukamalizikia uani.

Kiatu ndicho kilichomaliza shauri. Kile cha kushoto kilikuwa kikimbana kidole kidogo tangu siku kilipogawiwa, na maji ya sabuni yalikuwa yakiingia kwa juu. Sukari ikikaa juu muda mrefu, mguu hupoteza habari zake. Jeraha linaweza kukaa wiki mbili bila kumwambia mwenyewe. Ukaguzi wa kioo nao ulikuwa umekatika, kwani jioni alikuwa akifika amechoka mno, anapitiliza kitandani. Aliyeona ni wifi. Aliona alama ya unyevu kwenye sakafu, kuanzia mlangoni hadi kwenye kiti, mguu mmoja tu, akadhani maji. Aliinama na tambara, akasimama tena.

"Vua soksi," alisema.

"Nimechoka, wifi."

"Vua, mama. Nakuomba."

Hakuwahi kumwita mama kabla ya siku hiyo.

Asubuhi yake alilazwa. Wodi ni ile ile. Kitanda cha kumi na saba, karibu na dirisha, cha chuma, chenye godoro, kinachohesabika. Shuka lake mwenyewe lilikunjwa vibaya pembeni, akalikunja upya kabla hajalala. Saa nne kamili ililetwa sahani ya kijani: maharage kikombe kimoja, tango, yai. Ganda lilikuwa limeshamenywa. Fomu ilikuwa na sahihi ya karani wa jiko, bila swali. Alikula polepole, akitazama ukutani, na muuguzi mgeni aliyekuwa anagawa dawa alidhani analia kwa ajili ya kidole.

Kidole kiliondolewa siku ya pili. Siku ya nne sukari ilisoma tisa, siku ya sita saba, siku ya nane sita na nusu. Daktari kijana wa kliniki alipita na wanafunzi wake, akawaonyesha chati kama mfano wa kile ambacho mgonjwa anaweza kufanya akiamua, na kwenye kadi akaandika, kwa mwandiko unaosomeka: Mgonjwa sasa anafuata masharti ya lishe.

Aliruhusiwa siku ya tisa, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, ili kitanda kihesabiwe wazi kabla jiko halijaleta sahani.